Vigumba vizito vya mishale ya mti: miezi 14 ya kuhangaika Tanga

Mishale 36 ya kwanza niliyoichonga kwa mkono wangu yote ilikwenda kushoto. Haikwenda ovyo, ingekuwa hivyo ningejua ni mkono wangu mbovu. Ilikwenda kushoto kwa nidhamu, mmoja baada ya mwingine, shubiri moja na nusu kutoka pale nilipolenga, nami nimesimama hatua 20 tu.

Mimi ni seremala, Ngamiani, Tanga. Upinde niliachiwa na mwalimu mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao. Ni upinde mrefu wa mti, wa kawaida kabisa, hauna kioo cha kulengea wala magurudumu, na unavutwa kwa nguvu ya ratili 45 ukifika inchi 28. Aliniachia na mishale sita. Mitatu ilipotelea majanini, miwili ikavunjika, mmoja nikaufanya sampuli. Hapo ndipo nilipoamua kuchonga yangu. Miezi 14 iliyofuata imenifundisha mambo ambayo ningefurahi kama mtu angeniambia mapema, kwa sababu yamenigharimu shilingi laki nne na ushee na usiku mwingi wa kukosa usingizi.

Nieleze maneno kwanza. Kigumba ni ile ncha ya chuma ya mbele. Wano ni mti wenyewe wa mshale. Upote ni kamba ya upinde. Ninaposema vigumba vya mazoezi nina maana ya vile vyenye umbo la koni butu kidogo, bila mabawa wala makali, vya kupiga shabaha na kuchomoa. Siwindi. Kuwinda bila kibali ni kosa, na sitaki mtu asome habari hizi akaingia porini na upinde.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kiseremala. Nilichukua paina ya Lushoto, nikachagua vipande vyenye nyuzi zilizonyooka na vigumu kuliko vyote, nikavichana vijiti vya mraba, nikavipiga randa, kisha nikavipitisha kwenye tundu la bamba la chuma mpaka vikawa duara wa milimita 8.7. Kipimo hicho kwa wenzetu wa Marekani ni inchi 11/32, na ndicho kilichozoeleka kwa mishale ya mti. Niliona fahari. Nilidhani mti mkakamavu ndio mshale mzuri, kama mguu wa kiti.

Sivyo. Upote unasukuma mshale kutoka nyuma, na upinde wenyewe umekaa njiani. Ili upite, wano lazima lijipinde kidogo, liuzunguke upinde, kisha lijinyooshe na kuendelea na safari. Likiwa gumu kupita kiasi halijipindi, linagonga ubavu wa upinde na kusukumwa pembeni. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia kama mimi, linakwenda kushoto. Likiwa laini kupita kiasi linakwenda kulia. Anayevuta kwa kushoto ageuze.

Rafiki yangu mmoja anayeijua michezo hii aliniambia kwa simu, "Weka uzito mbele." Na alikuwa na haki. Kigumba kizito kinakuwa kizito kuondoka, upote unasukuma kutoka nyuma, basi wano linajipinda zaidi. Wano gumu linakuwa kama limelainika. Zaidi ya hapo, mshale wenye uzito mbele unajinyoosha haraka, na upepo wa kusi hauuyumbishi sana. Nikashika neno moja tu: kizito. Sikuuliza kizito kiasi gani, sikupima wano hata moja. Nikatoka mbio kutafuta chuma.

Tanga mjini sikupata. Nilizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi, maduka ya michezo, hata kwa wauza zana za uvuvi. Nilikwenda Dar es Salaam kwa kazi nyingine nikapita Kariakoo, nikaonyeshwa vishale vya kurusha ukutani. Basi nikaagiza nje, vigumba 24 vya greni 200. Greni ndicho kipimo cha watu wa mishale. Gramu moja ni greni 15 na nusu hivi, kwa hiyo greni 200 ni gramu 12.96. Bei ya vigumba ilikuwa 78,000. Usafirishaji 112,000. Ushuru na gharama nyingine 41,000. Jumla 231,000, na nilisubiri wiki saba.

Nilikifungua kile kiboksi papo hapo, nje ya jengo nilikopokelea mzigo, juu ya tangi la pikipiki. Vigumba vilikuwa vizuri, vinang'aa, vizito mkononi. Na kila kimoja kilikuwa na mkia wenye nyuzi za skrubu.

Nilikaa na kimoja kwenye kiganja kwa muda mrefu. Vigumba vya skrubu ni vya mishale ya alumini na ya kaboni, ambayo ndani ina kipande cha chuma cha kukaza nyuzi hizo. Mshale wa mti hauna tundu. Unataka kigumba chenye shimo la koni nyuma, unachonga ncha ya wano kama penseli, unakivalisha kwa gundi. Nilimwandikia muuzaji kwa hasira, akanijibu kwa upole kwamba maelezo yalikuwepo. Nikarudi kusoma. Yalikuwepo. Niliona uzito na bei, nikaacha kusoma.

Ukiagiza, basi, uliza mambo manne kabla ya kulipa. Kina shimo au kina skrubu? Mdomo wa shimo una kipenyo gani? Kuna vya 5/16, vya 11/32 na vya 23/64, na tofauti ya kimoja na kinachofuata ni chini ya milimita moja, lakini ukikosea kigumba kinaweza kukaa na ukingo unaokwama kwenye shabaha. Uzito wake ni greni ngapi? Na mteremko wa koni ni nyuzi, yaani digrii, ngapi? Kwa vigumba vya mishale ya mti, uliozoeleka ni nyuzi 5. Mteremko wa nyuzi 11 ni wa upande wa nyuma, pale inapogundishwa plastiki inayoshika upote. Mtu akikupa zana ya kuchongea, hakikisha umeshika upande sahihi.

Baada ya hapo nilipitia kipindi ambacho sipendi kukikumbuka. Nilinunua chubwi za wavuvi kule Sahare, zile risasi za kuzamishia mshipi, nikakata vipande na kuvisukumia ndani ya vigumba vyepesi vya bati nilivyojitengenezea. Risasi ni nzito kweli. Lakini kipande kikikaa ndani ya shimo, wano linabaki limeshikwa na ukingo mdogo tu. Siku ya kwanza ya kupiga, vigumba vitano kati ya vinane vilibaki ndani ya shabaha, mawano yakarudi mkononi mwangu yakiwa vipara. Na nilikuwa nimeiyeyusha risasi nyingine kwenye jiko la mkaa, uani, watoto wakiwa ndani. Moshi wa risasi ni sumu, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Mke wangu alinizimia jiko bila kusema neno, na alifanya vema. Usifanye hivyo, hata ukiwa peke yako.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mkerezaji, mwenye mashine kuukuu ya kukerezea vyuma. Anakereza shafti za pampu na bushi za magari. Nilimpelekea kigumba kimoja cha ile mishale ya mwalimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini leo?"

Alikigeuza, akatia ukucha wa kidole kidogo ndani ya shimo, akauzungusha. "Hii koni. Wano lake liko wapi?"

Nilishangaa kusikia neno hilo likitoka kwake kirahisi namna ile. Kumbe baba yake alikuwa mvuvi wa chusa, na chusa nayo ina wano. Nikamwambia sikuja nalo, kwani nataka chuma tu, kiwe kizito.

"Kalilete. Mimi sishoni kofia bila kichwa."

Nilirudi nyumbani, na usiku ule ndipo nilipopima mawano yangu kwa mara ya kwanza. Kipimo chenyewe hakina gharama. Unaweka misumari miwili ukutani, umbali wa inchi 26, yaani milimita 660, unalaza wano juu yake, unaning'iniza katikati uzito wa ratili mbili, ambao ni gramu 907. Mimi nilitumia chupa ya maji niliyoipimisha dukani kwenye mizani ya sukari. Kisha unapima limebonyea milimita ngapi katikati. Gawa 660 kwa milimita hizo, jibu ni ratili za upinde unaoliendea. Likibonyea milimita 13, linafaa upinde wa 50 hivi. Langu la kwanza lilibonyea milimita 10. Yaani 66! La pili 65. Katika yote 36, nilipata manne tu chini ya 58. Nilikuwa nimechonga mishale ya mtu mwingine kabisa, mwenye upinde wa kutisha.

Hapo hesabu ikaanza kusomeka. Makadirio ya watu wa mishale ni kwamba kila greni 25 unazoongeza kwenye kigumba juu ya 125 za kawaida zinalilainisha wano kwa ratili tatu hadi tano. Na kila inchi ya wano unayoacha zaidi ya 28 inalilainisha kwa tano hivi. Ni makadirio tu, mti una tabia zake, lakini yalitosha kunionyesha njia. Nikaacha mawano yangu marefu, inchi 29 na nusu, nikapanga kujaribu uzito tofauti badala ya kuapa kwa mmoja.

Chuma tulichotumia ni shaba ya njano, fito zilizotoka kwenye valvu kuukuu, nilizozinunua kwa wauza vyuma chakavu kwa 32,000. Mzee alipendelea shaba kwa sababu inakerezeka laini. Mimi niliipenda kwa sababu ni nzito kidogo kuliko chuma cha kawaida na haishiki kutu, nasi hapa tunaishi na hewa ya chumvi. Kigumba cha greni 200 kwa kipenyo cha wano langu kilitoka na urefu wa sentimita nne na nusu hivi, karibu mbili zake zikiwa ni shimo. Alinitoza 5,000 kwa kimoja. Dazeni ya kwanza, 60,000.

Sasa mizani. Mizani ya dukani haioni tofauti ya nusu gramu. Nikaenda kwa sonara. Nilisubiri mpaka wateja wa dhahabu walipoondoka, nikafungua leso. Alivitazama vile vigumba, akavitazama tena.

"Shaba hii."

"Ndiyo, mzee. Sikuuzii. Naomba unipimie tu."

Alivipima kimoja kimoja bila haraka, nikaandika. Chepesi kuliko vyote kilikuwa gramu 12.31, kizito kuliko vyote 13.78. Tofauti ya greni 23 hivi, ndani ya dazeni moja! Nilipomweleza kwamba natafuta greni 200 alicheka, akaniambia tola moja ni greni 180, kwa hiyo mimi nataka tola moja na sehemu ya tisa. Hesabu hiyo aliifanya kichwani wakati akifunga leso yangu. Maisha yangu yote nimesikia watu wakitaja tola kwenye mahari na vikuku, sikujua kuwa ni ndugu wa kipimo cha mishale. Hakutaka pesa. Nilimtengenezea stuli.

Kutoka siku ile, tulibadilisha utaratibu. Mzee anakereza kila kigumba kikiwa kirefu kidogo, mimi napeleka kwa sonara, narudi na orodha, yeye anapunguza pua. Dazeni ya pili ilitoka yote kati ya gramu 12.9 na 13.0. Tofauti ya greni moja na nusu. Kwa mshale wa mti hiyo ni sawasawa kabisa, kwa sababu mawano yenyewe hayalingani uzito kiasi hicho, nayo pia nimeyapanga kwa mafungu kwa mizani ileile.

Majaribio niliyafanya kwenye uwanja wa wazi njia ya Pongwe, baada ya kumwomba mwenye eneo na kumjulisha mwenyekiti wa mtaa. Tafadhali usiruke hatua hiyo. Mtu aliyebeba mishale kwenye daladala anatazamwa vibaya, na jirani asiyejua unachofanya ana haki ya kuogopa. Shabaha yangu ni magunia yaliyoshindiliwa nyuzi fupi za mkonge, ambazo Tanga hazikosekani, na nyuma yake kuna kichuguu kipana.

Nilipiga kwanza mishale isiyo na manyoya, kwa sababu manyoya husahihisha makosa na kukuficha ukweli. Kwa vigumba vya greni 125, kushoto kama zamani. Kwa 250, ambavyo mzee alinikerezea vitatu, mishale ilikwenda kulia, na kwenye siku ya pili miwili ilivunjika palepale nyuma ya kigumba. Uzito ule ukisimama ghafla ndani ya shabaha, mkia ukiwa bado unatikisika, mti unakatika mdomoni mwa shaba. Kwa 200 ilikwenda mbele yangu, sawa. Nilivaa manyoya ya bata mzinga, nikapiga mishale sita, yote ikakaa ndani ya kisahani cha chai. Nilikaa chini kwenye majani. Nilikuwa na machozi, sioni haya kusema.

Kuna bei yake. Mshale wangu sasa una greni 620, gramu 40 nzima. Kwa upinde wa 45 huo ni mzigo. Hauna kelele, upinde hautikisiki mkononi, unazama kwenye magunia kwa mlio mzito unaopendeza. Lakini ukifika hatua 40 unaanguka sana, na ilinibidi nijifunze upya kulenga. Anayetaka kupiga mbali asinifuate.

Gundi ilinitesa kuliko nilivyotarajia. Vigumba vinatoka kwenye mashine na mafuta ndani ya shimo, na mafuta hayaonekani. Vitatu vya kwanza vilichomoka. Sasa naviosha kwa petroli, naviacha uani vikauke, nasugua ndani kwa msasa uliosokotwa kwenye kijiti, nafuta kwa spiriti. Petroli na moto visikae uani siku moja. Natumia gundi ya vijiti ya kuyeyusha. Nakishika kigumba kwa koleo, napasha moto chuma, siyo mti, nazungusha gundi ndani na kwenye ncha ya wano, nasukuma huku nageuza mpaka kinafika mwisho, nakitumbukiza kwenye maji. Uzuri wake ni kwamba wano likivunjika unapasha tena na kigumba kinatoka. Ubaya wake ni joto letu. Niliacha podo, yaani mfuko wa mishale, ndani ya gari lililofungwa vioo saa saba mchana, nikakuta vigumba viwili vimelegea na kupinda.

Kabla gundi haijakaza, simamisha ncha ya mshale kwenye ukucha wa kidole gumba na uuzungushe kwa vidole vya mkono mwingine. Ukikaa sawa, ncha inatulia kama pia iliyolala. Ukiwa umepinda, utasikia inakukwaruza ukucha. Rudisha kwenye moto.

Mkonge nao una tabia ya kushika. Nyuzi zinajizungushia kigumba na kukivuta. Mvuvi mmoja aliyekuja kututazama alinipa dawa: mche wa sabuni. Napaka sabuni kavu kwenye kigumba na sentimita 20 za mwanzo za wano kabla ya kupiga. Tangu hapo sijaacha kigumba ndani.

Na kila mshale, kabla haujarudi kwenye upote, ukunje kidogo karibu na sikio, pande zote, ukisikiliza. Ukilia hata kidogo, uvunje mwenyewe. Wano lenye ufa likipasuka wakati wa kuachia linaingia kwenye mkono unaoshika upinde. Hili usilifanyie uvivu hata siku unayopiga vizuri.

Shaba imenionyesha udhaifu mmoja. Ni laini. Ukikosa shabaha ukapiga jiwe la matumbawe, pua inabonyea kama nta, na kuinyoosha kwa tupa ni kupoteza uzito. Kwa hiyo sasa nina mafungu mawili: ya shaba kwa magunia, ya chuma kwa uwanja wenye mawe. Ya chuma nayafuta kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni, la sivyo asubuhi yana wekundu.

Vile vigumba 24 vya skrubu bado ninavyo kwenye debe la misumari. Mzee anasema tukikata nyuzi na kutoboa shimo la koni nyuma, vinaweza kubaki na greni 130 hivi. Nimeshachonga mawano mapya, membamba, yanayobonyea milimita 13, na nimempelekea moja alipime na chuma kabla hajawasha mashine.